Makasha manne, na hakuna aliyenambia habari ya mita



Najua wengi mnaoolewa msimu huu mnakwenda mbali na kwenu. Mmoja anakwenda Dar, mwengine Tanga, mwengine Muscat. Mimi nimekwenda Morogoro, mtaa wa Mafiga. Nilipomtajia mama jina la mtaa alicheka mpaka akashika ukuta. "Unakwenda kuishi mekoni?" Kwetu, kama mjuavyo, mafiga ni yale mawe matatu ya kuinjikia chungu. Nikamwambia mama, ndiyo, na chungu nakwenda nacho.

Nimeolewa nikiwa na miaka 33. Nayasema haya mapema ili msidhani nilikuwa mtoto nisiyejua dunia. Nilikuwa na chumba changu cha kushonea Mwanakwerekwe, nina wateja wangu wa magauni ya harusi na mashela, nina wasichana wawili nawafundisha kazi. Nilijua bei ya kitambaa cha lesi kuliko bei ya mkate. Ndoa ilifungwa Mfungo Saba, na mwanzoni mwa Novemba 2024 tukahama. Nilikuwa na makasha manne. Somo yangu alinipangia mwenyewe: kanga doti kumi na mbili, udi, vyombo vya kaure, mashuka ya kutandika, miswala miwili, mpaka kibao cha mbuzi kilikuwemo. Nilifundwa siku saba. Nikafundwa kumpokea mume, kumkanda, kupika, kunyamaza, kusema. Hakuna hata mtu mmoja aliyenambia habari ya mita.

Mume wangu ni mtu wa Morogoro, biashara yake ni mchele. Hununua Ifakara akaleta mpaka Unguja, na ndiko tulikojuana. Mizigo yangu, pamoja na charahani yangu na mashine ya ovaloki, ilivuka na boti ya mizigo ikapandishwa lori. Sisi tulipanda boti mpaka Dar, halafu treni mpya ya umeme. Dada zangu, ile treni ukikaa dirishani huna muda hata wa kumaliza juzuu moja, Morogoro hii hapa. Nilishuka stesheni kifua mbele. Nimefika na treni ya umeme, nikaingia nyumba ya giza.

Nyumba ina pande mbili chini ya paa moja. Mwenye nyumba alikuwa ameitoa wapangaji akaikarabati, ikakaa tupu miezi kadhaa. Magharibi ilishaingia. Mume wangu akanunua umeme kwa simu, shilingi 10,000, ujumbe ukaja. Sasa sote tumezoea, uwe na LUKU ya bara au Tukuza ya kwetu, ujumbe unakuja na tarakimu 20, unazibonyeza kwenye rimoti, taa inawaka. Ujumbe ule ulikuja na safu tatu za tarakimu. Mume wangu akasema hizo nyengine ni za risiti, akaingiza ya mwisho. Imekataa. Akarudia. Imekataa. Akaingiza mara ya tatu, mimi namsomea namba mojamoja kwa tochi ya simu, jasho linamtoka. Imekataa. Simu yangu ikazima, yake ikabaki na moto kidogo, akasema tuuhifadhi kwa sababu alfajiri ana safari ya Ifakara, mzigo unamsubiri.

Nilitaka kusali Isha, sijui kibla kiko wapi. Nyumba ngeni, giza, mume yuko nje anatafuta mshumaa. Nikasimama katikati ya chumba na mswala mkononi kama mtu aliyepotea sokoni. Mara nikasikia hodi. Bibi mmoja wa ng'ambo ya ua ameona tunahangaika na tochi, amekuja na chemli. Nikamuuliza kibla. Akanambia, "Mjukuu wangu, hapa ni rahisi. Mpe mlima mgongo." Milima ya Uluguru iko kusini yetu, na kibla chetu ni kaskazini. Mpaka leo nikitandika mswala naisikia sauti ya bibi yule.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikumbuka giza la kwetu. Wale wenzangu wa umri wangu mnakumbuka. Umeme wetu Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, tangu mwaka 1980. Disemba 2009 ukakatika, tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, nimeanza kozi ya ushoni. Mwalimu wetu akatupa charahani za miguu, akasema atakayejifunza kwa hizi hatosumbuliwa na mtu. Pasi tulitia mkaa. Majenereta yalikuwa yanaunguruma mji mzima, na maji yalikuwa shida kwa sababu pampu hazina umeme. Waya mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2013. Basi nikalala Mafiga nikijiambia, wewe mtoto wa giza la miezi mitatu, unalia kwa giza la usiku mmoja? Lakini nililia kidogo. Kuna giza la kulala na mama na ndugu zako ukumbini mnahadithiana, na kuna giza la nyumba ngeni.

Na nimekuja kujua baadaye jambo lililonichekesha. Mkoa huu wa Morogoro ndiko liliko bwawa la Kidatu, linalozalisha umeme tangu miaka ya sabini, na Kihansi nako. Kwa hivyo umeme niliokuwa nikiutumia Mwanakwerekwe kupigia pasi mashela, baadhi yake ulikuwa unatoka huku huku nilikokuja kukaa gizani.

Asubuhi mume kaondoka, mjukuu wa yule bibi, kijana wa sekondari, akaja. Akausoma ujumbe akacheka kwa adabu. "Mama mdogo, hizi unaingiza zote. Ya kwanza, halafu ya pili, halafu ya tatu." Mwaka ule mita zote za LUKU zilikuwa zinafanyiwa maboresho, na mwisho ulikuwa tarehe 24 Novemba. Mita isiyobadilishwa, ukinunua umeme mara ya kwanza unaletewa safu tatu: mbili za mwanzo za kuibadilisha mita yenyewe, ya tatu ndiyo umeme wako. Nchi nzima walishafanya, ila nyumba yetu ilikuwa tupu. Dakika mbili, taa zikawaka. Nikaona kwa mara ya kwanza rangi ya kuta zangu. Kijani. Siipendi, lakini siku ile niliipenda.

Hayo maboresho yameshapita, hayatokuhusu wewe. Ninachokwambia ni kuwa kabla mume hajalipa kodi ya nyumba, mwambie akupigie picha ya mita, namba yake ionekane, na anunue umeme wa shilingi 1,000 aujaribu nyinyi mkiwa bado hamjahama. Sisi tulikagua vyumba, tukakagua milango, mume akapimia kitanda. Mita hatukuitazama.

Maji sasa.

Siku ya kwanza nilimuuliza yule bibi, "Mfereji uko wapi?" Akanitazama, akanichukua nje mpaka kwenye mtaro wa maji ya mvua pembeni ya barabara. "Huu hapa." Nikamwambia hapana bibi, mfereji wa maji ya kunywa. Akashtuka, "Kwenu mnakunywa mferejini?" Tukakaa pale tunatazamana mpaka mjukuu akatufasiria. Kwao ni bomba. Mfereji kwao ni mtaro. Tungule kwao ni nyanya, seredani ni jiko la mkaa, na skuli ni shule. Watoto wa mtaa mpaka leo wananiita Mama Mfereji, na nimelikubali.

Ama bomba nililipata, liko uani, limefungwa. Maji hayatoki. Mpangaji aliyetoka aliacha deni la miezi mitano, huduma ikasitishwa. Mamlaka ya maji ya hapa inaitwa MORUWASA. Nikavaa baibui langu nikaenda ofisini kwao peke yangu, mume bado Ifakara. Niliulizwa vizuri, nikaelezwa vizuri: deni liko kwenye akaunti ya nyumba, si kwenye jina la mtu aliyehama. Likilipwa, maji yanarudi. Shilingi 86,000. Nikampigia mwenye nyumba. Akanambia, "Maji ni ya mpangaji, dada." Nikamwambia, "Mpangaji gani baba, mimi jana ndiyo nimefungua mlango." Akakata simu.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu siku tatu zile ndizo zilizokaribia kuivunja ndoa yangu changa. Nilikuwa nachota kisimani kwa yule bibi, dumu la lita 20, mara nne kwa siku. Mimi fundi wa mashela, mwenye kucha za hina ya harusi haijafutika. Udhu natawadhia birika moja. Tunajifunza tangu chuoni kuwa hata ukiwa ukingoni mwa mto usifuje maji ya udhu, lakini mimi sikuwa nafanya kwa kufuata mafunzo, nilikuwa nafanya kwa hasira. Kila dumu nikitua nasema moyoni, nimeacha kwetu kwa hili? Mama akipiga simu namwambia nyumba nzuri, hewa nzuri, mlima mzuri. Ya mlima ilikuwa kweli.

Mume aliporudi na kusikia, alitaka kwenda kumgombeza mwenye nyumba. Nikamwambia tulia, tulipe, lakini aandike. Nina pesa zangu za mwisho za Mwanakwerekwe, nikazitoa. Tukamwita mzee, akaja, nikampikia chai ya mkandaa na maandazi kwa mkaa wa kuazima. Sote tunajua ile aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur-an, katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Karatasi ndani sikuwa nayo ila daftari langu la vipimo. Basi mkataba wetu umo humo mpaka leo: juu kuna kiuno na nyonga za mteja wa Mwanakwerekwe, chini mwenye nyumba ametia saini kuwa shilingi 86,000 zitakatwa kwenye kodi ya miezi mitatu ijayo, na mjukuu wa bibi ni shahidi. Na alikata kweli. Si mtu mbaya yule mzee, ni mtu asiyependa kuanza yeye.

Maji yalipofunguka, subhanallah. Mnajua maji yetu ya Unguja, yana chokaa, birika likikaa mwaka linaota gamba jeupe ndani. Huku maji yanatoka Bwawa la Mindu na vijito vya Uluguru. Nilitia sabuni kidogo kama nilivyozoea, povu likajaa beseni, nikasuuza, halijakatika, nikasuuza tena. Sabuni ya mche mmoja sasa inanitosha siku nyingi. Ila mvua kubwa ikinyesha milimani maji hubadilika rangi, kwa hivyo ndoo mbili huwa zimejaa na kufunikwa muda wote. Hata bomba likiwa linatoka, hizo mbili sizigusi.

Moto sitosema mengi. Nilikuja na seredani yangu ya Unguja, nimezoea mkaa na vifuu vya nazi, ila huku vifuu havipatikani kama kwetu, na mkaa nikifikiria unakotoka, nikiinua macho nauona mlima wenye misitu iliyobaki juu, roho inasita. Serikali ina mkakati wake wa miaka kumi, 2024 mpaka 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mimi nilinunua mtungi wa kilo 6 na plate yake, kisha baada ya miezi miwili nikaongeza wa kilo 15. Fanyeni hivyo hivyo, uwe na mitungi miwili, kwa sababu gesi haiishi mchana duka likiwa wazi, inaisha wali uko nusu na wageni wako sebuleni. Na kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni pale mpira unapoungana na kichwa. Likitoa mapovu, gesi inavuja: zima, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa. Hili sitaki mtu alisahau.

Sasa narudi kwenye umeme, maana huko ndiko kwenye kisa chenyewe.

Januari upande wa pili wa nyumba uliingia mama mmoja na watoto wake wawili. Mtu mzuri, mchapakazi, anauza mboga za Mgeta sokoni. Mita ni moja kwa pande zote mbili. Tukakubaliana tunachangia nusu kwa nusu, anayenunua leo, kesho mwenzake. Mwezi wa kwanza ukapita. Tarehe mosi Februari ilikuwa zamu yangu. Akanipa 5,000 yake, nikatia 5,000 yangu, nikanunua umeme wa 10,000. Kawaida tulikuwa tunapata uniti 28. Siku ile zilikuja hazifiki 24. Jioni akasoma rimoti. Hakusema kitu. Kesho yake watoto wake hawakuja kwangu kuangalia katuni. Kesho kutwa nikasikia uani, anamwambia mwenzake kwa sauti ya kutaka nisikie, kuwa watu wa pwani wana maneno matamu.

Dada zangu, nilihisi nimepigwa kofi. Nimekaa na pesa za watu miaka kumi, mabibi harusi wananiachia laki tano za vitambaa bila ya risiti, leo naambiwa nimekula uniti nne.

Nilimaliza siku nzima sili. Usiku nikautoa ule ujumbe wa ununuzi nikausoma neno kwa neno, kazi ambayo ilikuwa niifanye siku ya kwanza. Mle ndani kulikuwa na makato ya shilingi 1,500. Kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo huku bara inakatwa kupitia LUKU, ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda ikawa 1,500. Inakatwa mara moja kwa mwezi, unaponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi huo. Januari alikuwa amenunua mume wangu kabla mwenzangu hajahamia, hatukuona. Na kodi yenyewe ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji. Mpangaji akiilipa, ana haki ya kuirudishiwa kwenye kodi ya pango.

Asubuhi nilipika mkate wa kumimina, nikagonga mlango wake na simu mkononi. Sikumwambia nimekusikia. Nikamwambia, "Mwenzangu, njoo tusome huu ujumbe, kuna pesa zetu ziko kwa baba mwenye nyumba." Akasoma. Akasoma tena. Akaniangalia, macho yakamjaa, akasema, "Dada, nisamehe kwa nilichokifikiria." Nikamwambia kula mkate. Sura ya Al-Maun tunaisoma kila siku kwa ufupi wake, na tunafundishwa kuwa ndani yake wanakemewa wanaowanyima jirani vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Mimi nilikuwa najiona siimo, maana chumvi natoa, kiberiti natoa. Lakini kwa siku tatu nilikuwa nimemnyima mwenzangu maelezo kwa sababu ya kiburi, nikingoja yeye ndiye aniulize.

Mwenye nyumba safari hii hakubishana. Alisema, "Andika kwenye lile daftari lako."

Basi hilo likaisha, likazuka jengine, na hili lilikuwa ndani kwangu. Nilishaanza kupata wateja, madera kwanza, kisha magauni. Charahani yenyewe hali umeme mwingi, lakini pasi inakula. Mwenzangu wa upande wa pili hakulalamika, aliyelalamika ni mume wangu. Kuna bei ya watumiaji wadogo wa majumbani: usipozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi. Ukizidi unahamishiwa bei ya kawaida, uniti shilingi 292 kabla ya kodi. Nyumba mbili kwenye mita moja, pamoja na pasi yangu, hatutokuwa watumiaji wadogo hata tukilala saa mbili. Mume wangu akapiga hesabu zake za mchele, akanambia, "Taa, friji na feni ni nafaka yako, hayo ni juu yangu. Umeme wa pasi ya wateja si nafaka."

Alikuwa na haki. Na mimi niliumia. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Mume analazimika kumkalisha mkewe kwa kadiri ya uwezo wake, hilo limo katika Suratu Talaq, na pato la mke ni lake mwenyewe, hilo nalo tunalijua na tunalipenda sana kulitaja. Lakini ukitaka pato liwe lako peke yako, na gharama yake iwe ya nani? Nikampigia somo yangu Unguja nikitaraji atanitetea. Akanyamaza, halafu akasema, "Hayo magauni unamshonea yeye?" Nikakata simu kwa adabu.

Upatu wetu wa wanawake wa mtaani ulikuwa unakaribia zamu yangu. Nikapanga fremu ndogo barabarani, chumba kimoja, hakina umeme. Nikaomba mita yangu. Kwa mjini gharama ya kuunganishwa ni shilingi 320,960 kwa njia moja ya umeme, nguzo ikiwa haizidi mita 30. Maombi niliyafanya kwa simu, kwenye mfumo wao wa Nikonekt, na hapo ilinibidi niwe na namba ya NIDA. Hili liwekeni kichwani nyinyi mnaovuka bahari. Kitambulisho chetu cha Mzanzibari kinatosha nyumbani, huku utaulizwa NIDA kila mahali, mpaka laini ya simu. Shughulikieni kabla ya harusi, mkiwa bado na sheha wenu karibu. Huku hakuna sheha, kuna mwenyekiti wa mtaa, na yeye hakujui mpaka ujitambulishe kwake. Mwenye fremu alitoa idhini, fundi mwenye leseni akafunga nyaya, na nikaandikiana naye kuwa mita itabaki pale nikihama, ila na yeye atanipunguzia kodi. Daftari lile lile.

Fremu haipati bei ya watumiaji wadogo, nalipa bei ya kawaida, na pasi naipiga kwa mkupuo, nakusanya nguo za siku mbili nikaiwasha mara moja. Siku mita ilipofungwa nilipokea ujumbe wenye jina langu kamili, na jina la baba yangu. Chumba cha Mwanakwerekwe kilikuwa cha mjomba, nyumba ya Mafiga ameipanga mume. Niliutazama ule ujumbe kwa muda. Kisha nikanunua umeme wa 20,000 kwa pesa yangu, nikaingiza tarakimu mwenyewe, bila ya kusomewa na mtu.

Mama alikuja baada ya Iddi, Mfungo Mosi, masika yameshika. Nilikuwa nimeshamwambia yote kwa simu kipindi cha Ramadhani, ya dumu na ya deni, alinyamaza kisha akasema alijua, kwa sababu kila nikimsifia mlima huwa sisifii nyumba. Siku ya kwanza akamuuliza mtoto wa upande wa pili, "Mwanangu, nionyeshe mfereji." Mtoto akamshika mkono akamtoa nje kwenye mvua. Nilisikia mama anapiga kelele kutoka barabarani, na mwenzangu anacheka mpaka anakaa chini.

Siku moja kabla hajaondoka, usiku, alikaa chini ya rimoti akaitazama. "Hii inasema nini?" Nikamwambia zimebaki uniti tisa. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa noti ya 10,000, akasema nunua, ya kwako na ya mwenzio. Nikamwambia weka mama, kesho ni zamu yao. Akauliza leo tarehe ngapi. Thelathini, nikamwambia. Akanikunjia noti mkononi.

"Nunua leo, basi. Kesho watakata ile kodi."